Digrii 90 za Kweli: Kuchagua Geji na Sledi ya Msumeno wa Meza

Fremu ya picha ina kona nne na mikato minane. Kila mkato ukikosea nusu digrii upande uleule, makosa hayafutani, yanajumlishwa. Fundi ataunga kona ya kwanza bila kuona kitu, ya pili vilevile, ya tatu kwa kubana kidogo, na akifika ya nne atakuta uwazi wa digrii 4. Kwenye mbao ya upana wa milimita 50, huo ni mwanya wa karibu milimita 5, na hata gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao haiufichi.

Hesabu hiyo inawagusa mafundi wengi wa Afrika Mashariki waliohamia Marekani. Louisville, Columbus na Buffalo zimepokea familia nyingi kutoka Kongo ya mashariki, Burundi na Somalia, baadhi yao baada ya miaka mingi katika kambi za Nyarugusu, Kakuma na Dadaab. Miongoni mwao wamo maseremala waliojifunza kazi kwa msumeno wa mkono, randa na skwea. Wakifika Marekani wanakutana na msumeno wa meza ndani ya gereji au chumba cha chini ya nyumba. Mashine ina nguvu na inakwenda kasi, lakini kifaa kinachotakiwa kuishika mbao iwe skwea mara nyingi ndicho kitu dhaifu kuliko vyote vilivyomo kwenye boksi.

Kifaa hicho ni geji ya pembe: kichwa chenye umbo la nusu duara, kilichoandikwa digrii na kufungwa kwenye ulimi wa chuma unaoteleza ndani ya mfereji wa meza. Mwenzake ni sledi, yaani ubao mpana wenye ndimi chini yake na kiegemeo juu yake, unaoibeba mbao nzima na kuipitisha kwenye diski ya msumeno. Vyote viwili hukata mbao kwa kukingama. Tofauti yao huonekana katika ukubwa wa kazi, aina ya pembe na mfuko wa mnunuzi.

Kabla ya kununua chochote

Geji ya bei kubwa haiwezi kuinyoosha mashine iliyopinda. Geji na sledi hufuata mfereji wa meza, kwa hiyo mfereji ukiwa hauko sambamba na diski, kila mkato utabeba kosa hilo. Dalili zake ni alama za moto kwenye mbao, mkato wenye mikwaruzo ya duara pande zote mbili, na mbao inayovutwa pembeni.

Chomoa waya wa umeme. Inua diski hadi mwisho, kisha weka alama ya kalamu kwenye jino moja. Pima umbali kutoka kwenye mfereji hadi jino hilo likiwa mbele, zungusha diski jino lilelile lije nyuma, upime tena. Kwa kupima jino moja mara zote mbili, diski iliyopinda kidogo haitakudanganya. Geji ya saa, ile yenye mshale, ndiyo bora, lakini kipande cha mbao kilichobanwa kwenye geji ya pembe pamoja na fila geji ya kupimia valvu za gari vinatosha. Tofauti ikizidi milimita 0.1 hivi, mashine inahitaji kurekebishwa. Kwenye mashine kubwa za karakana kwa kawaida hulegezwa boliti za meza. Kwenye zile ndogo za kubeba hulegezwa zinazoshikilia mota na diski. Kitabu cha mashine husema ni zipi.

Pima pia mfereji wenyewe. Kipimo cha kawaida Marekani ni upana wa inchi 3/4 na kina cha inchi 3/8, yaani milimita 19 kwa 9.5. Geji karibu zote zinazouzwa peke yake zimetengenezwa kwa kipimo hicho. Baadhi ya mashine ndogo na za zamani hazikifuati. Ryobi BT3000, ambayo bado huonekana ikiuzwa mitumba, ilitoka kiwandani na meza ndogo ya kuteleza badala ya mifereji ya kawaida. Anayeiona gerejini kwa jirani kwa bei ya kutupa ajue hilo kabla ya kulipa.

Geji: nini cha kutazama

Jambo la kwanza ni ulimi. Uingize kwenye mfereji, shika kichwa cha geji, ukitikise kushoto na kulia. Ulimi ukicheza, kosa limeshaingia kabla mbao haijawekwa. Geji nzuri zina njia ya kuondoa mchezo huo: Kreg hutumia skurubu ndogo za nailoni ubavuni mwa ulimi, na Incra hutumia diski ndogo zinazotanuka. Geji iliyokuja na mashine haina kitu hicho, lakini ina dawa ya bei ya senta panchi. Gonga vidoti kadhaa kwenye ubavu wa ulimi. Chuma kitavimba pembeni mwa kila kidoti na ulimi utajaa mferejini. Ukivimba kupita kiasi, pitisha tupa taratibu.

La pili ni vituo vya pembe. Mistari ya digrii iliyochapishwa kwenye kichwa ni minene, na jicho linaweza kukosea robo digrii bila kugundua. Geji zenye notchi hukaa mahali palepale kila zinaporudishwa. Incra V27 ina vituo 27, kila baada ya digrii 5 pamoja na 22.5. Geji ya Kreg ina vituo vichache, kwenye 0, 10, 22.5, 30 na 45, lakini pembe za katikati huwekwa kwa skurubu ya kusogeza kidogo kidogo. Anayetengeneza fremu, masanduku ya pembe nane na viti atanufaika na notchi nyingi. Anayekata rafu na miguu ya meza anahitaji kituo kimoja cha kweli, cha mkato wa digrii 90 (ndicho 0 kwenye geji), na pesa iliyobaki anunue diski nzuri.

La tatu ni kiegemeo. Kichwa cha geji ya kawaida ni kifupi, na mbao ndefu huweza kuzunguka kidogo diski inapoiuma. Geji za bei ya juu huja na kiegemeo cha alumini chenye rula na kizuizi kinachofunguka na kufungwa, ili miguu minne ya meza itoke sawa bila kupimwa upya. Geji ya kawaida nayo huwa na matundu mawili kichwani. Fungia hapo mbao nyoofu ya sentimita 60, ibandike kipande cha msasa usoni ili kazi isiteleze, na iache ipite diski kidogo ili ishikilie nyuzi za mbao mahali diski inapotokea. Kwa dola chache, nusu ya faida ya geji ya dola 150 imepatikana.

Geji ina kikomo chake. Ili kukata ubao wenye upana mkubwa, kichwa lazima kirudi nyuma hadi ulimi utoke mferejini kabla mbao haijafika kwenye diski. Kwenye mashine ndogo ya kubeba, ambayo ndiyo wengi huanza nayo, kikomo hicho hufika mapema sana.

Sledi: ukubwa kabla ya urembo

Hapo sledi ndiyo inayofaa. Mbao haisuguani na meza, mabaki hayabaki kando ya diski inayozunguka, na mkato mwembamba uliomo kwenye ubao wa chini hushikilia nyuzi zisichanike. Plaiwudi iliyobandikwa veneri ya mwaloni, ambayo hukatika ikiwa na ndevu juu ya meza tupu, hutoka safi kwenye sledi.

Kosa la kawaida ni kutaka sledi itakayobeba kila kitu. Kabati za chini za jikoni za Marekani zina kina cha inchi 24, na za juu inchi 12. Sledi ya kukata inchi 24 ni kubwa na nzito. Kwenye mashine ya kubeba itaning'inia ukingoni na kupinduka kabla kazi haijaanza. Fundi mwenye mashine ndogo atafanikiwa zaidi na sledi inayokata upana wa inchi 12 hadi 16, na vipande vikubwa avikate kwa msumeno wa mkono wa umeme akifuata mbao nyoofu iliyobanwa kwa klempu.

Za dukani zipo. Rockler huuza sledi yenye kiegemeo kinachozunguka kwa ajili ya pembe, na Incra Miter 5000 huunganisha sledi na geji yenye notchi. Bei hupanda haraka hadi mamia ya dola. Sledi ya digrii 90 pekee, kwa upande mwingine, ni kazi ya siku moja: kipande cha plaiwudi au MDF ya milimita 12, ndimi mbili na viegemeo viwili. Kiegemeo cha mbele hushikilia tu ubao usigawanyike. Kilicho upande wa fundi ndicho kinachoamua skwea, kwa hiyo kitengenezwe kwa tabaka mbili za plaiwudi zilizogundishwa juu ya kitu kilichonyooka. Ubao wa chini wa milimita 12 hupunguza urefu wa mkato. Msumeno wa inchi 10 hukata takriban milimita 79 kwenda juu. Ukiwa na sledi zitabaki kama 67, ambazo zinatosha kwa kazi nyingi za fanicha.

Zingatia pia unene wa diski. Diski nyembamba hukata njia ya inchi 3/32, na ya kawaida inchi 1/8. Sledi iliyokatwa kwa diski nene, kisha ikatumiwa na nyembamba, itakuwa na mwanya pembeni na ndevu zitarudi. Chagua diski moja ya kukata kwa kukingama, yenye meno 60 au 80, uitunze kwa ajili ya sledi.

Ulimi wa Januari na ulimi wa Julai

Louisville, Columbus na Buffalo zina jambo ambalo fundi wa Dar es Salaam halijui kwa kiwango hiki: hewa inayobadilika kabisa ndani ya mwaka. Buffalo wakati wa theluji, tanuri la nyumba hukausha hewa ya chumba cha chini hadi mbao hulia. Louisville, kando ya Mto Ohio, huwa na kiangazi chenye unyevu mzito, na gereji nyingi hazina kiyoyozi. Mbao inafuata hewa hiyo.

Chukua ulimi wa maple ngumu, mti uleule unaotumika kutengenezea sehemu kubwa ya magongo ya besiboli ya chapa ya Louisville Slugger. Ukiwa umepasuliwa kwa namna ya kawaida, na unyevu ndani yake ukapanda kutoka asilimia 6 hadi 12, ulimi wa inchi 3/4 utapanuka karibu milimita 0.4. Ulimi uliojaa vizuri mferejini mwezi Januari utakwama Julai. Ukipasuliwa ili mistari ya umri wa mti isimame wima kwenye uso mpana, upanuzi hushuka hadi chini ya milimita 0.2. Hiyo ndiyo mbao ya kuchagua, na ipakwe nta, si mafuta. Wanaotaka kuondoa wasiwasi hununua ndimi za alumini au za plastiki ngumu ya UHMW, ambazo unyevu hauzigusi. Katika karakana ya Columbus yenye joto na baridi zinazodhibitiwa, ulimi wa mbao hauna shida. Katika gereji tupu, plastiki inalipa gharama yake.

MDF nayo hubaki tambarare kuliko plaiwudi nyingi, lakini ikilazwa kwenye sakafu ya zege yenye unyevu hunyonya maji na kuvimba ukingoni. Sledi itundikwe ukutani.

Jaribio la mikato mitano

Skwea ya dukani haitoshi kuthibitisha sledi, kwa sababu kosa la digrii 0.1 halionekani kwenye skwea ndogo, ilhali kwenye rafu ya sentimita 60 ni milimita 1. Njia inayotumiwa na mafundi wengi, na iliyosambazwa sana na William Ng, mwalimu wa useremala wa California, hulikuza kosa mara nne kabla ya kulipima.

Funga kiegemeo cha upande wako kwa skurubu moja mwisho wa kulia, iwe kama bawaba, na mwisho wa kushoto ukibane kwa klempu. Chukua kipande cha plaiwudi cha kama sentimita 40 kwa 40. Kiweke kushoto mwa diski na ukate ukingo wake wa kulia. Zungusha kipande kufuata mwendo wa saa ili ukingo uliokatwa sasa hivi uegemee kiegemeo, ukate tena. Endelea hadi pande zote nne zikatwe. Mkato wa tano utoe utepe wa upana wa kama milimita 25, na kabla hujauondoa uandike A kwenye ncha ya mbali na B kwenye ncha iliyo karibu nawe.

Pima ncha mbili hizo kwa vernia kalipa. Tuseme A ni milimita 25.0 na B ni 25.8. Tofauti ni 0.8, gawa kwa 4, upate 0.2. Hilo ndilo kosa la kweli kwenye urefu wa utepe, yaani milimita 400. Ikiwa kutoka kwenye skurubu hadi mwisho wa kushoto wa kiegemeo ni milimita 500, sogeza mwisho huo milimita 0.25. Kwa kuwa B ndiyo pana, kiegemeo kimerudi nyuma mno upande wa kushoto, hivyo kisukume mbele. A ikiwa pana, kirudishe nyuma. Bana kipande cha mbao nyuma ya kiegemeo kiwe alama. Unaposukuma mbele, jaza mwanya kwa fila geji ya 0.25, kaza klempu, na urudie mikato mitano. Tofauti ya jumla ikishuka chini ya milimita 0.1, ongeza skurubu nyingine na uache kuigusa.

Geji hupimwa kwa mikato hiyohiyo, ila kipande kiwe kidogo, na marekebisho yafanywe kwenye kituo chake cha digrii 90.

Vidole

Kwa makadirio ya CPSC, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa, watu zaidi ya 30,000 hufikishwa kwenye vyumba vya dharura kila mwaka kwa majeraha ya misumeno ya meza. Sledi hupunguza hatari fulani na kuleta nyingine. Nyingi hulazimisha kinga ya juu ya diski iondolewe. Bamba la kutenganishia lililo nyuma ya diski libaki, na mkato wa sledi uwe na nafasi yake. Nyuma ya kiegemeo, mahali diski inapotokeza, gundisha kipande kinene cha mbao, na fungia kizuizi ili sledi isisogee mbele zaidi ya hapo. Skurubu zote ziwe mbali na njia ya diski.

Usitumie fensi ya kupasulia, ule ukuta wa mezani ulio sambamba na diski, kama kizuizi unapokata kwa geji. Kipande kitabanwa kati ya fensi na diski, kipinde, kisha kirushwe kwa fundi. Bana kipande cha mbao kwenye fensi, kabla ya diski, ili kazi ipimwe hapo na iwe imeachana nacho kabla ya kuumwa.

Mwenye SawStop, mashine zilizoanza kuuzwa mwaka 2004 zenye breki inayosimamisha diski ikigusa mwili, akumbuke kwamba alumini inapitisha umeme kama ngozi. Kiegemeo cha geji kikigusa diski, breki hufyatuka, na kwa kawaida katriji na diski huharibika pamoja.

Pa kutafuta

Buffalo kuna The Tool Library, maktaba ya zana iliyoanzishwa mwaka 2011 katika mtaa wa chuo, ambako wanachama huazima zana badala ya kuzinunua. Columbus nayo imewahi kuwa na maktaba ya zana, iliyoanza miaka ya 1970. Kwa anayejenga sledi moja tu, kuazima vipimo na klempu kuna maana kuliko kununua. Maduka ya ReStore ya Habitat for Humanity yapo katika miji yote mitatu na huuza vifaa vya ujenzi vilivyotolewa kama msaada. Plaiwudi na milango ya kabati ya kufanyia majaribio hupatikana humo kwa bei ndogo. Geji mpya ni bora kuishika mkononi kwanza, kwenye maduka ya Woodcraft kwa mfano, na kwenda na kipimo cha mfereji mfukoni.

Wapo wanaonunua kwa ajili ya ndugu walio na karakana Keko, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi. Msumeno wa Marekani ni wa volti 120 na hautafaa huko bila transfoma kubwa. Geji haina umeme, lakini inahitaji mfereji wa milimita 19, na mashine nyingi za Ulaya na China zilizoko Afrika Mashariki zina mifereji ya vipimo vingine. Mwenye mashine apime upana na kina cha mfereji kwa vernia kalipa, apige picha ya mdomo wake kuonyesha kama una umbo la T, na atume yote hayo kwa WhatsApp kabla ya mtu wa Louisville kutoa kadi yake ya benki.